Tusiweke Stori Zetu Zote Nyuma ya Mlango Mmoja

Wasee, wacha nianze na ile siku akaunti yangu ilifungwa.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha kuchaji simu hapa Sofia, Busia, nangoja kuona video ya jana imefika wapi. Nikafungua simu, nikakutana na mistari miwili: akaunti yako imefungwa kwa kukiuka kanuni. Kanuni gani? Haikusemwa. Nani ameamua? Hakuna jina. Nikabonyeza mahali pa kukata rufaa, nikajaza fomu, na dakika mbili baadaye mashine ikanijibu kwamba uamuzi ni ule ule. Miaka 3 ya video ikaenda hivyo. Watu karibu 11,000 waliokuwa wakinifuata, kutoka Busia, Malaba na Bungoma mpaka Tororo na Mbale, wakapotea kama moshi.

Video yenyewe ya mwisho ilikuwa inaeleza jinsi ya kubadilisha hela mpakani bila kuchezewa. Nadhani ile mashine iliona maburungutu ya noti za Uganda ikaamua mimi ndiye tapeli.

Sitautaja mtandao huo. Hii si posti ya kisasi. Kilichoniuma sana si hata zile video. Kilichoniuma ni kwamba jioni ile nilitaka kuwaambia watu wangu, "Jamani, mimi niko hai, nimefungiwa tu," na nikagundua sina namba ya hata mmoja. Miaka 3 nilikuwa nawaita watu wangu, kumbe walikuwa watu wa mwenye nyumba. Mimi nilikuwa mpangaji, na notisi yangu ilikuwa ya sekunde moja.

Sasa, kama ingekuwa ni mimi peke yangu, ningenyamaza nianze upya. Lakini hapa kwetu mpakani hii kitu imetupata zaidi ya mara moja, na kubwa zaidi haikunipata mimi. Ilimpata senje wangu.

Senje na wiki ya uchaguzi

Senje, dada ya baba, anauza mitumba soko la Busia upande wetu wa Kenya. Mwanzoni mwa 2021 biashara ilikuwa imeshika vizuri. Akifungua bale, anapiga picha, anaziweka kwenye grupu la Facebook, na kina mama wa Busia ya Uganda, Tororo hadi Mbale wanachagua kabla hata hajatandika turubali. Wengine hawakuvuka kabisa. Walituma boda tu, nguo zikafika.

Halafu ikaja wiki ya uchaguzi Uganda. Jumatatu tarehe 11 Januari 2021, Facebook ikatangaza imeondoa akaunti kadhaa ilizosema zina uhusiano na wizara ya mawasiliano ya Uganda. Kesho yake Rais Museveni akatokea kwenye televisheni akasema serikali imeifunga Facebook nchini mwake. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ikazimwa. Tarehe 14 watu wakapiga kura. Tarehe 18 intaneti ikarudi, lakini Facebook haikurudi nayo. Miaka ikapita, na Mganda akitaka kuingia humo ilibidi ajifiche nyuma ya VPN.

Hebu angalia hiyo hesabu vizuri. Kampuni ya Marekani imefungia serikali ya Uganda. Serikali ya Uganda ikafungia kampuni ya Marekani. Na katikati hapo, mama wa mitumba wa Busia, Kenya, ambaye hana kura Uganda na hana hisa Marekani, akapoteza wateja wa nchi nzima kwa usiku mmoja. Wahenga walimaliza hiyo maneno: wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

"Mimi sikumpigia mtu kura huko," senje aliniambia, amekaa juu ya bale ambalo halijafunguliwa. "Sasa nimemkosea nani?"

Simu za kawaida zilikuwa bado zinapita. Nikamuuliza ana namba za wateja wangapi. Akahesabu kwa vidole: saba. Wengine wote, na walikuwa mamia, walikuwa ndani ya grupu. Mlango ulikuwa mmoja, na funguo alikuwa nazo mtu mwingine.

Mwalimu ananicheka

Tuna jirani mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye kila mtu mtaani anamwita Mwalimu tu, hata wale hajawahi kuwafundisha. Nilipomsimulia habari ya akaunti yangu, alinicheka mpaka akavua miwani.

"Kijana," akasema, "mimi nilikuwa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tulikuwa tunapata barua pepe kutoka Ulaya, na intaneti yenyewe haijafika Uganda. Hakukuwa na mtu wa kunifungia."

Nikajua mzee ananipiga fiksi. Bila intaneti barua pepe inapita wapi, kwa matatu? Nikaenda kutafuta. Na kusema ukweli, wasee, nilichokipata kimenikosesha usingizi.

Mwaka 1984 huko San Francisco, jamaa anaitwa Tom Jennings alianzisha kitu kinaitwa FidoNet. Wazo lilikuwa rahisi mno. Una kompyuta nyumbani, una laini ya simu, una modemu, kale kadude kanakogeuza data iwe sauti ipite kwenye simu. Mchana watu wanapiga simu kwenye kompyuta yako mmoja mmoja, wanasoma majadiliano, wanaacha ujumbe wao. Usiku, simu zikiwa bei ya chini, kompyuta yako inaipigia kompyuta ya jirani, inamkabidhi furushi la ujumbe, inapokea furushi lake, inakata. Jirani naye anampigia jirani yake. Ukiamka asubuhi, neno lako limeshavuka mji, na baada ya siku chache limevuka bahari.

Hakukuwa na makao makuu yenye mashine kubwa ya kushikilia kila kitu. Hakukuwa na kampuni. Kila mashine ilikuwa na mwenyewe, mara nyingi mtu wa kawaida aliyelipa bili ya simu kutoka mfukoni. Mtandao mzima ulikuwa ni ahadi kati ya majirani: nitabeba mzigo wako, nawe utabeba wangu. Kwenye miaka ya katikati ya 1990 mashine hizo zilikuwa zimepita 30,000 duniani. Dunia waliigawa kwa kanda, na kanda namba 5 ilikuwa Afrika. Eeh, tulikuwemo!

Nairobi kulikuwa na shirika la mazingira, Environment Liaison Centre International, lililoendesha kituo cha FidoNet kwa ajili ya mashirika yaliyokuwa yakijiandaa kwa mkutano mkubwa wa mazingira wa Rio de Janeiro wa 1992. Makerere kulikuwa na kituo kilichoitwa MUKLA, kikiendeshwa na Charles Musisi. Vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe viliunganishwa kwa mradi wa ESANET, kwa teknolojia hiyo hiyo ya kupigiana simu. Na London, shirika la GreenNet lilikuwa na lango ambalo Karen Banks alilisimamia, la kupokea mafurushi kutoka Afrika na kuyaingiza kwenye intaneti ya dunia. Mara nyingi London ndiyo iliyopiga simu, maana kupiga kutoka huko kulikuwa nafuu kuliko kupiga kutoka huku.

Madaktari nao walikuwa na yao. Shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilikuwa na mtandao wa HealthNet uliofika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Walitumia FidoNet na setilaiti ndogo. Moja, HealthSat-2, ilirushwa 1993. Setilaiti ikipita juu ya kituo, mnairushia barua, inazihifadhi tumboni, inazunguka dunia, ikifika juu ya kituo kingine inazidondosha. Kama tu dereva wa lori la Mombasa anayeshusha mzigo Malaba, anaendelea na safari.

Usidanganyike lakini kwamba ilikuwa raha. Modemu nzuri ya wakati huo ilipitisha biti 9,600 kwa sekunde. Picha moja ya megabaiti 1, ile unayotuma bila kufikiria, ingechukua karibu dakika 14, na laini yenyewe isikatike. Ndiyo maana watu waliandika maneno. Na ndiyo maana, Mwalimu anasema, mtu alifikiria kabla ya kutuma. "Ulikuwa huwezi kumtukana mtu London saa nane usiku ukiwa umelewa," akaniambia. "Ungelewa, ungelala, ungeamka, na barua bado iko kwenye foleni. Unaifuta."

Baraza lisilo na mwenyekiti wa maisha

Ndugu mkubwa wa FidoNet aliitwa Usenet. Huyu alifikiriwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, akaanza kutembea 1980. Usenet ilikuwa mabaraza ya kila mada: sayansi, mapishi, mpira, dini, siasa. Kulikuwa hata na baraza la utamaduni wa Afrika, ambapo watu wetu waliokuwa ughaibuni walikutana kubishana. Ni ndani ya mabaraza haya ambapo Agosti 1991 Linus Torvalds aliwaambia watu kuhusu programu aliyokuwa akiitengeneza, ambayo leo tunaiita Linux na ndiyo iko chini ya kila simu ya Android mfukoni mwako. Mwezi huo huo Tim Berners-Lee aliutangaza Wavuti wa Dunia humo humo.

Sikilizeni jinsi ilivyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu imekaa.

Kwanza, kila seva ilikuwa na nakala yake ya mazungumzo. Ukizima seva ya Duke, mazungumzo yanaendelea kwenye nyingine zote. Duke wenyewe walizima seva yao mwaka 2010, na Usenet haikufa siku hiyo. Mwaka 2024 Google nao wakaacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet, na wanaoitumia bado wanaitumia kupitia seva nyingine. Sasa jaribu kufikiria kampuni ya TikTok ikizima seva zake kesho. Utaenda kuangalia wapi?

Pili, kila mwenye seva aliamua mwenyewe abebe mabaraza gani. Kama baraza fulani lilikuwa la uchafu, hakulibeba. Hakuhitaji kumuomba ruhusa bilionea yeyote.

Tatu, hakukuwa na algoridhimu, ile hesabu ya kuamua wewe uone nini leo. Ujumbe ulipangwa kwa mada na kwa wakati. Msomaji ndiye aliyekuwa na kichujio kwenye programu yake mwenyewe. Ukichoka na mtu, unaandika jina lake kwenye orodha yako, na kuanzia hapo humuoni tena. Yeye hajafungiwa duniani, wewe tu umeacha kumsikia. Kuna tofauti kubwa kati ya mimi kuziba masikio yangu na mtu mwingine kukukata ulimi.

Msiniambie ilikuwa peponi

Najua kuna msee anajiandaa kuniuliza: kama ilikuwa tamu hivyo, mbona ilikufa?

Swali halali. Haikufa kabisa, lakini ilipigwa, na tujue ilipigwa na nini.

Ya kwanza ni uchafu wa matangazo. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, mume na mke, Canter na Siegel, walimwaga tangazo moja kwenye maelfu ya mabaraza ya Usenet kwa mpigo. Tangazo la nini? La bahati nasibu ya green card! Wakenya wenzangu, sisi tuliokuwa tukijazana saiba kila mwaka kujaza hiyo fomu, mjue kwamba moja ya matangazo kero maarufu kuliko yote katika historia ya mtandao lilikuwa linauza ndoto yetu. Usenet haikuwa na mlinzi getini, na waliokuja baada ya hao wawili walikuwa wengi.

Ya pili ni kwamba uhuru bila msimamizi unaweza kugeuka moto. Hapa sihitaji mfano wa Marekani. Mapema 2008, Kenya ikiwa inawaka baada ya uchaguzi, kulikuwa na jukwaa kubwa la Wakenya mtandaoni linaitwa Mashada. Mwanzilishi wake, David Kobia, aliona chuki za kikabila zimejaa humo kiasi kwamba aliamua kulifunga. Halafu akafungua ukurasa mwingine, I Have No Tribe, wa watu kusema mimi ni Mkenya. Baadaye akawa mmoja wa waliojenga Ushahidi. Huyo namheshimu. Lakini ona pia: ilimbidi mtu mmoja aamue kwa niaba ya maelfu, maana hakukuwa na njia ya kati. Ni kuacha moto au kuzima taa ya nyumba nzima.

Ya tatu, ilikuwa kazi ngumu. Ilihitaji kompyuta, laini ya simu na mtu anayejua. Afrika ya wakati huo hayo matatu yalikuwa ya wachache, na wengi wao walikuwa wanaume wa vyuoni na mashirikani. Senje wangu asingeingia. Facebook ilimfikia senje kwenye simu ya bei rahisi, na hilo siwezi kulichukulia poa.

Kwa hiyo sisemi turudi 1992. Nasema tulitupa nazi na maji yake. Tulipohama kwenda kwenye mitandao mikubwa tuliacha ugumu, sawa, lakini tukaacha pia ile ahadi ya majirani: kila mtu na mlango wake, na milango yote inafunguka kwa wengine.

Sisi watu wa boda tunajua hii kitu

Hapa sasa nataka watu wa Busia na Malaba mnisikie, kwa sababu hakuna mtu Afrika Mashariki ambaye angepaswa kuelewa hili haraka kuliko sisi.

Neno boda boda limetoka wapi? Limetoka hapa. Kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda kulikuwa na kipande ambacho gari lako halikuvuka bila makaratasi, na abiria na mzigo wake hawakutaka kutembea. Vijana wa baiskeli wakaona riziki: "Boda! Boda!" Kutoka mpaka mpaka mpaka. Hakuna kampuni iliyobuni, na hakuna aliyepewa leseni ya kuwa mmiliki wa wazo. Leo neno hilo linasemwa Kampala mpaka Dar es Salaam.

Na steji za boda zinaendeshwaje? Kila steji ina mwenyekiti wake, mweka hazina wake, kanuni zake na faini zake. Ukileta fujo steji ya Sofia, wa Sofia ndio wanakukalisha chini. Hawamngoji bosi wa pikipiki zote za dunia. Lakini abiria wa Sofia anaweza kushushwa Alupe, akachukuliwa na mwingine mpaka Malaba. Steji ni nyingi, barabara ni moja. Wataalamu wana majina marefu ya mfumo kama huo. Sisi tunauita steji.

Mfano mwingine. Mnajua muvi za VJ Junior na VJ Jingo, zile zilizotafsiriwa kwa Kiganda mpaka Rambo anaongea kama konda wa teksi ya Kampala? Zilifikaje huku kwetu? Si kwa bando. Mtu alizibeba Kampala kwenye diski au flashi, akashukia duka la muvi Busia, mwenye duka akakuwekea ishirini kwa bei ya chai, wewe ukampelekea binamu yako Adungosi. Huo, wasee, ni mtandao. Ujumbe unahifadhiwa, unabebwa, unakabidhiwa, unahifadhiwa tena. FidoNet kabisa, ila modemu yake ni mfuko wa suruali. Na Januari 2021 intaneti ya Uganda ilipozimwa, flashi hazikuzimwa.

Basi tufanye nini

Sitawaambia mfute TikTok. Mimi mwenyewe nimefungua akaunti mpya, na pengine umenipatia humo humo. Sokoni lazima uende kwa sababu watu wako sokoni. Ninachosema ni kwamba usilale sokoni. Kuwa na kwako.

La kwanza, na hili lianze leo: kuwa na orodha yako ya watu, nje ya mtandao wowote. Namba, anwani za barua pepe, hata kwenye daftari. Nimemfundisha senje. Sasa kila mteja akilipa, senje anaandika jina na namba kwenye kitabu cha hesabu. Wamepita mia mbili. Ukimzimia Facebook leo, atapiga simu kesho. Lakini hiyo orodha ni amana. Usiiuze, usiimwage ovyo. Watu wamekupa namba zao, hawajakupa maisha yao.

La pili: tujenge steji zetu mtandaoni. Warithi wa Usenet wapo na wanafanya kazi. Mastodon ilianzishwa 2016 na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko. Seva ni nyingi, kila moja na wenyewe na kanuni zake, lakini zinaongea zote, kama vile barua pepe ya Gmail inavyofika Yahoo. Lugha inayoziunganisha inaitwa ActivityPub, na tangu 2018 ni kanuni ya wazi ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia. Seva ndogo ya kukodi unaipata kwa kama dola 10 kwa mwezi, yaani karibu shilingi 1,300 za Kenya. Tukiwa ishirini ni shilingi 65 kila mtu. Sahani ya chipo inapita hapo.

Steji hiyo iwe na mwenyekiti anayejulikana sura, anayeongea lugha zetu. Mashine ya California haijui tofauti ya utani wa Kiteso na tusi la Kisamia. Sisi tunajua. Na kama mwenyekiti akigeuka dikteta, tunahama steji na watu wetu na tunaendelea kuongea na wale tuliowaacha. Mashada 2008 hawakuwa na njia hiyo. Sisi tunayo.

La tatu: tujifunze njia za wakati mbaya. Kuna programu sasa za kutuma ujumbe kwa Bluetooth, simu hadi simu, bila intaneti. Moja, Bitchat, ilitolewa 2025 na Jack Dorsey, yule yule aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Twitter. Kila simu inabeba ujumbe wa wenzake mpaka umfikie mwenyewe. Bluetooth haifiki mbali, ni mita chache tu, lakini siku ya soko Busia ni mita ngapi kati ya simu na simu?

Na tuwe wakweli hapa. Mastodon haitakusaidia serikali ikikata intaneti yote, kwa sababu nayo inapita humo humo. Seva nyingi zinakuokoa na kampuni inayokufungia na amri inayofunga mlango mmoja. Giza kamili linahitaji Bluetooth, flashi, simu ya kawaida na daftari la senje. Ndiyo maana nasema milango iwe mingi na ya aina nyingi. Anayekuuzia programu moja ya kumaliza shida zote, huyo naye anataka kuwa mwenye nyumba.

Kwa nini inanihusu hivi

Kuna watu wataniambia haya ni mambo ya Nairobi, ya wasee wa kompyuta. Hapana. Mtu wa Nairobi akifungiwa anapata mwandishi wa habari wa kumlilia. Sisi tunaishi mahali ambapo upande mmoja wa barabara ni nchi nyingine. Maisha yetu yamevuka mpaka tangu kabla mpaka wenyewe haujachorwa: Wateso wako pande zote mbili, Wasamia wako pande zote mbili, mashemeji na madeni yako pande zote mbili. Serikali ya upande wowote ikizima kitu, sisi tunakatwa katikati. Mwaka 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi zake 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Huku hatukuitoza kodi hiyo, wala hatukuipigia kura, lakini wateja wetu walinyamaza tukasikia.

Kwa hiyo mazungumzo yetu hayawezi kukaa kwa mtu mmoja. Si kwa bilionea, si kwa wizara, si hata kwangu mimi.

FidoNet walikuwa na kanuni mbili nazipenda sana: usiwaudhi wenzako kupita kiasi, na usiwe mwepesi wa kuudhika. Karibu tu kanuni za steji yoyote ya boda.

Mimi na wenzangu wanne tumeanza. Seva bado hatujakodi, tuko bado tunachanga. Lakini kila Ijumaa tunatengeneza furushi: bei za sokoni pande zote mbili, hali ya foleni ya malori Malaba, nafasi za kazi, stori moja ya kuchekesha na video mbili. Linatoka kwa barua pepe, na wasio na bando wanalipata kwenye flashi kwa duka la muvi. Mwenye duka hatulipishi. Anasema watu wakija kuchukua furushi, wanachukua na muvi.

Ijumaa iliyopita boda mmoja wa Malaba alirudisha flashi yetu. Ndani alikuwa ameongeza faili moja ambalo hatukuliweka: orodha ya bei za mahindi Tororo, imeandikwa na mtu tusiyemjua, na mwisho wake ameandika, "Muweke hii wiki ijayo, na mniletee bei ya mchele wa Busia."

Nilikuwa na wafuasi 11,000, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa mzigo nimbebee. Huyu mmoja amenipa. Wiki hii bei yake ya mahindi imo, na ya mchele iko njiani inaenda Tororo.